Kabla hujailaumu remasta ya filamu ya zamani

Filamu ya zamani ikitoka remasta, yaani ikiskaniwa na kusafishwa upya, kwa 4K (pikseli mara nne ya HD ya kawaida), ubishi haukosi. Huyu anasema picha imejaa chenga kama TV iliyokosa antena. Yule anasema wamesafisha mpaka nyuso zimekuwa za nta. Wa tatu ameudhika na rangi, anauliza tangu lini anga la filamu ile likawa kijani. Ukichunguza, kila mmoja ameangalia faili lake kwa TV yake, na TV zenyewe hazijaguswa setingi tangu zitolewe kwenye boksi.

Mimi nashikilia kwamba lawama iwe na foleni. Kagua TV kwanza, kisha faili au diski, halafu ndipo umgeukie aliyeisafisha filamu. Ukianza na huyo wa mwisho utamwonea bure, na siku atakapokuwa na makosa kweli hutakuwa na ushahidi wa kumshika nao.

Chembe ndiyo picha yenyewe

Filamu haina pikseli, vile vidoti vinavyounda picha ya TV. Ina utando wenye chembe za chumvi za fedha zinazobadilika zikipigwa na mwanga. Maabara hukuza chembe hizo, na kwa filamu ya rangi huiondoa fedha na kuacha vijiwingu vidogo vya rangi mahali pake. Uso, ukope, uzi wa kanzu, moshi wa sigara, vyote vimeundwa kwa chembe hizo hizo. Na kwa kuwa fremu ni 24 kwa sekunde, kila moja na mtawanyiko wake, chembe huonekana zikicheza. Anayetaka ziondolewe zote "ili picha iwe safi" anataka kiondolewe kile kile kilichobeba picha.

Wingi wake hutegemea mambo yanayojulikana. Utando wenye kasi, yaani unaoridhika na mwanga kidogo, uliotumiwa kupiga usiku au ndani ya nyumba, una chembe kubwa. Fremu ikiwa kubwa, chembe huonekana ndogo. Ndiyo maana Lawrence of Arabia ya 1962, iliyopigwa kwa utando wa milimita 65 na kuskaniwa kwa 8K kwa ajili ya urejeshaji wa 2012, ni laini bila mtu kuisugua. Ulaini peke yake si ushahidi wa hila.

Halafu kuna suala la nakala. Waliokaa kwenye thieta zetu za zamani, Naaz, Regal au Majestic, waliona nakala ya maonyesho, ambayo kwa kawaida ilikuwa imetokana na nakala ya nakala ya negativu (utando ule ule uliokuwa ndani ya kamera), na kila hatua hufifisha kitu. Remasta iliyoskaniwa kutoka negativu yenyewe itakuonyesha chembe na ukali ambao thieta haikuwahi kuuonyesha, pamoja na ukingo wa wigi na poda ya shingoni. Kwa hiyo "sivyo nilivyoiona zamani" inaweza kuwa kweli tupu, na remasta isiwe na kosa lolote.

Kumbukumbu ya rangi ndiyo dhaifu zaidi. Nakala za Eastmancolor, utando wa rangi wa Kodak, za miaka ya 1950 hadi 1970 hupoteza rangi ya samawati-kijani mapema kuliko nyingine, hivyo filamu nzima inageukia uwaridi. Joto na unyevu huharakisha jambo hilo, na hewa yetu ya pwani ina vyote viwili kwa ukarimu. Kanda nyingi za video zilizozunguka mitaani zilitokana na nakala zilizokwisha kufifia. Aliyeizoea sari ya rangi ya kutu ataiona nyekundu halisi kama uzushi.

Anza na rimoti

TV hutoka kiwandani ikiwa imewekwa ili ishinde zenzake kwenye ukuta wa duka, chini ya taa kali. Kitu cha kwanza ni kuondoka kwenye hali ya Vivid au Dynamic. Kama ina Filmmaker Mode, ambayo ilitangazwa 2019 na sasa imo kwenye TV za kampuni kadhaa, chagua hiyo. Kama haina, chagua Movie au Cinema, kisha uhakikishe mwenyewe haya yafuatayo.

Zima kilainisha mwendo. Samsung hukificha ndani ya Picture Clarity, LG hukiita TruMotion, Sony hukiita Motionflow. Kazi yake ni kubuni fremu ambazo hazikupigwa na kuzichomeka katikati ya zile 24, na matokeo yake ni filamu ya 1960 kuonekana kama taarifa ya habari. Kinapokuta chembe zinazocheza, huchanganyikiwa, na ukingo wa mkono unaopita haraka huonekana ukichemka.

Zima pia kipunguza chenga, kile cha Noise Reduction, na kile cha MPEG kilicho jirani yake, cha kufuta alama za kubana. Hiki ndicho kinachowafanya watu wailaumu diski isiyo na hatia: diski ina chembe zote, TV inazipangusa, uso unakuwa wa nta, na mwenye TV anaandika kwamba waliorejesha filamu wameiharibu.

Ukali, yaani Sharpness, hauna namba moja kwa TV zote. Kwa Samsung weka 0. Kwa LG, kati ya 0 na 10. Kwa Sony mahali pasipoongeza wala kupunguza ni 50, na ukishusha chini ya hapo unatia ukungu. Ukizidisha, utaona mstari mweupe umefuata bega la mchezaji anaposimama mbele ya anga, na chembe zinageuka kuwa changarawe. Joto la rangi liwe Warm 2 kwa Samsung, Warm 50 kwa LG mpya, Expert 1 kwa Sony. Siku ya kwanza utaona kama picha imemwagiwa chai. Vumilia, jicho litazoea, na filamu ya nyeusi na nyeupe itaacha kuwa ya buluu.

Sebule zetu zina shida yao: milango wazi, madirisha wazi, upepo unaingia na jua linaingia nalo. Picha ikionekana giza mchana, ongeza nguvu ya taa ya nyuma ya kioo, usiguse kiwango cha weusi. Hapa kampuni zimetuchezea, maana neno Brightness kwa TV moja ni taa na kwa nyingine ni weusi. Jaribio ni rahisi: simamisha filamu yenye mistari myeusi juu na chini, kisha pandisha. Mistari ikigeuka kijivu huku picha ikipoteza rangi, umegusa weusi, rudisha ulipotoka. Filamu ya giza yenyewe iachie hadi baada ya Isha. Pazia zito linasaidia, lakini linafunga upepo, na feni ya darini haitoshi kwa mwezi wa Februari.

Umbali nao una hesabu. Kioo cha inchi 55 kina upana wa karibu sentimita 122. Mwenye macho mazuri akikaa zaidi ya mita 2.2 hawezi kuzitenganisha pikseli za HD ya kawaida, na ili afaidi zile za 4K zote asogee hadi kama mita 1.1. Anayebishana kuhusu 4K kutoka kochi lililo mita 4 anabishana kuhusu rangi na mwanga, hata kama mwenyewe hajui.

Kisha faili

Chukua filamu ya saa 3 iliyobanwa kwenye faili la GB 1.5 na kuletwa kwa flashi. Ukigawa, unapata takriban megabiti 1.1 kwa sekunde. Diski ya Blu-ray inaruhusiwa hadi 40 kwa picha peke yake, diski ya 4K inaweza kufika 128 kwa jumla, na Netflix hupendekeza intaneti ya 15 kwa 4K. Chembe ni bahati nasibu, hazijirudii fremu hadi fremu, hivyo ndizo ghali kuliko chochote kuzihifadhi. Programu ya kubana ikiishiwa nafasi huzitupa hizo kwanza, kisha huanza kukata picha vipande vya miraba.

Nyingi ya "chenga" zinazolalamikiwa ni miraba hiyo. Tofauti iko wazi ukisogea karibu na kioo. Chembe halisi ni ndogo, hazina pembe, hubadilika kila fremu na hutapakaa hata kwenye sehemu zenye mwanga wa wastani. Miraba hung'ang'ania mahali pamoja sekunde mbili tatu, hujikusanya kwenye pembe zenye giza, halafu yote huruka na kubadilika kwa mpigo. Anga la magharibi likionyesha ngazi za rangi kama ramani, hilo pia ni kubana.

Huduma za mtandaoni zinazotumia AV1, mfumo wa kubana video, zina ufundi mwingine: huondoa chembe kabla ya kutuma, hutuma vipimo vyake, na kifaa chako huchora mpya zinazofanana nazo. Mimi sina ugomvi nao, mradi vipimo viwe sahihi, lakini usitumie picha ya aina hiyo kama ushahidi wa jinsi filamu ilivyoskaniwa.

DVD za Kihindi zilizobadilishwa kutoka PAL kwenda NTSC, mifumo miwili ya TV yenye idadi tofauti ya fremu kwa sekunde, zina kilema chake. Simamisha pale mchezaji anapogeuka kwa kasi kwenye wimbo. Ukiona mikono minne, fremu mbili zimeyeyushwa pamoja, na hakuna TV itakayozitenganisha.

Sasa waweza kumshika aliyesafisha

TV imetulia, diski ni nzuri, na bado uso ni wa nta. Angalia ukuta wa nyuma. Kusafisha kupita kiasi hugandisha chembe pale pasipo na mwendo na kuziacha zicheze kwenye kinachotembea, hivyo mtu hupita akiwa na kijiwingu kinachomzunguka huku ukuta umeganda. Angalia pia mvua na cheche za moto, kwa sababu programu ya kuondoa vumbi huona tone jeupe lililotokea kwenye fremu moja tu kuwa ni uchafu, na hulifuta. Mvua inayonyesha nusu nusu ni alama nzuri sana.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni pale picha moja inapoyeyukia nyingine. Kabla ya kompyuta, kazi hiyo ilifanywa kwa kunakili utando tena, kwa hiyo chembe hunenepa na ukali hupungua wakati mpito unapoanza, kisha picha hurudi kuwa safi. Remasta ya kweli huuacha mshtuko huo mdogo uonekane. Ukipita bila kuona tofauti yoyote, kuna mtu amepitisha brashi filamu nzima.

Predator ya 1987 ndiyo mfano unaotajwa kuliko yote: Blu-ray yake ya 2010 ilisuguliwa hadi jasho na ndevu vikawa plastiki, na wenye ile ya 2008 iliyojaa chembe wakaishikilia. Aliens na True Lies za James Cameron zilipotoka kwa diski za 4K mwaka 2024 zilikuwa zimepitishwa kwenye akili unde, na mwongozaji mwenyewe aliziidhinisha. Sahihi ya mwongozaji hainitoshi. William Friedkin aliibadilisha mwenyewe rangi ya The French Connection kwa Blu-ray ya 2009, mpiga picha wake Owen Roizman akapinga hadharani, na 2012 ikatoka nyingine. Mwongozaji ana haki ya kubadili kazi yake, ila ile ya kwanza nayo ipatikane. Mughal-e-Azam ya 1960, ambayo sehemu kubwa ilikuwa nyeusi na nyeupe, ilitiwa rangi na kurudi thieta 2004. Ukiipata yenye rangi mwanzo hadi mwisho, hiyo si urejeshaji, ni toleo jingine.

HDR, mfumo wa picha unaoruhusu mwanga mkali kuliko wa kawaida, ndiyo inayochanganya zaidi. Nakala ya filamu thieta ilionyeshwa kwa mwanga wa kama niti 48 (niti ni kipimo cha mng'ao wa picha). Leo remasta inaweza kutengenezwa kwa kilele cha niti 1,000, kisha ikafika kwenye TV ya bei nafuu isiyovuka 300, ambayo inabidi ikisie jinsi ya kuushusha mwanga wote ule. Picha ikiwa giza mno kwa HDR lakini sawa kwa Blu-ray ya kawaida, tatizo ni TV. Taa ya mezani iking'aa kuliko uso wa mchezaji anayezungumza, hapo aliyepanga rangi amejisahau.

Kuhusu umbo, mistari myeusi si hasara. Filamu ya 1.37 (upana ukigawanywa kwa kimo) itaacha nguzo mbili pembeni na kutumia asilimia 77 ya upana, ya 2.39 itatumia takriban mistari ya pikseli 1,607 kati ya 2,160 ya kioo cha 4K. Ukibonyeza Zoom unakata vichwa. Sholay ya 1975 ilipigwa kwa milimita 35 na kupanuliwa hadi 70, kwa hiyo umbo lake la maonyesho makubwa ni 2.20, na toleo lililojaza kioo chote halikuwa hilo.

Limebaki la sauti, linaloletwa kama lawama ya picha: "wameipunguza kasi." PAL hutumia fremu 25 kwa sekunde, hivyo kanda zetu za video ziliendesha filamu haraka kwa asilimia 4. Filamu ya dakika 180 iliisha kwa dakika 172 na ushei, na waimbaji walipanda karibu nusu toni. Remasta ya fremu 24 imewarudisha mahali pao, na anayezijua nyimbo kutoka kwa kanda atazisikia nzito na za kuvuta. Linganisha muda uliochapishwa kwenye jalada na ule wa kanda. Ukipata tofauti ya dakika 4 kwa kila 100, hakuna kipande kilichokatwa.