Kwa nini kwenye ndege ndogo unapimwa kama gunia?

Ukisafiri kwa ndege ndogo kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, kwenda mbuga ya Maasai Mara, begi lako mara nyingi halitakiwi kuzidi kilo 15, na huenda nawe ukaambiwa upande mizani. Wapo wanaonuna. Lakini rubani hana habari na kitambi chako; anapiga hesabu ya injini ikizima.

Uzito ukizidi kwa asilimia 10, ndege huhitaji takribani asilimia 20 zaidi ya njia ya kurukia. Na Wilson iko futi 5,500 hivi juu ya bahari: hewa nyepesi, na jua la saa nane mchana huifanya nyepesi zaidi. Hata hivyo, injini zikiwa nzima, ndege iliyozidiwa inaweza kuruka vizuri tu. Hapo ndipo watu huzoea.

Sasa injini moja kati ya mbili izime. Wengi hudhani imebaki nusu ya ndege. Nguvu ni nusu kweli, lakini sehemu kubwa ya nguvu hiyo huishia kuishikilia ndege isishuke. Kupanda ni kwa ile ziada. Iliyokuwa ikipanda futi 1,400 kwa dakika inaweza kubaki na 250, tena pangaboi la injini iliyokufa likishalazwa, yaani mapanga yake yakageuzwa ubavu yasikinge upepo. Lisipolazwa, ni breki. Ongeza kilo 300 za mizigo, hizo 250 zinayeyuka na ndege inaanza kushuka. Marubani wana utani wao mchungu: injini ya pili kazi yake ni kukufikisha mahali pa ajali.

Wakati mwingine hata injini haina kosa. Tarehe 25 Agosti 2001, Cessna 402B iliyombeba mwanamuziki Aaliyah ilianguka mara tu baada ya kuruka Marsh Harbour, Bahamas. Wote 9 walikufa. Rubani alikutwa na pombe na kokeini mwilini, lakini wachunguzi hawakulaumu injini. Ndege ilikuwa imepita kiwango chake cha uzito kwa mbali, na mzigo umelalia nyuma mno. Mkia ukilemewa, pua huinuka, mwendo hupungua, na mabawa huacha kubeba.

Kwa hiyo ukishashuka mizani, usibishe rubani akikutoa kiti cha nyuma ulichokwisha kukiwahi, akakuketisha mbele kando yake.