Kiti kilicholegea hakidai msumari

Juzi mama mmoja wa Area C alinishushia viti 4 vya mninga kutoka kwenye bajaji. Vyote vinacheza, na kila mguu wa nyuma una misumari, mingine imetokeza upande wa pili. "Mwanangu fundi, niongezee misumari miwili mitatu tu." Ni mteja wa tatu mwezi huu kuniomba hivyo, na naumia kila nikisikia.

Aliyechonga viti vile alijua kazi. Ulimi, yaani ncha ya mbao iliyochongwa, umeingia kwenye tundu la mbao nyingine, gundi katikati, basi. Kilichovilegeza ni gundi kuchoka na mbao kunywea. Mbao hainywei kwa urefu, au kidogo mno; hunywea kwa upana, kwa hiyo ulimi unapungua ndani ya tundu lake. Hapa Dodoma mvua ni za msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi; baada ya hapo ni ukavu na upepo. Viti vingi vilivyokuja na watumishi tangu serikali ianze kuhamia huku mwaka 2016 vilizoea unyevu wa Dar es Salaam. Kiangazi kimoja tu vinaanza kulia. Mninga wenyewe ni mti mtulivu, hauchezi sana na hali ya hewa, ndiyo maana kiti chake kikilegea naanza kuituhumu gundi.

Sasa msumari unafanya nini? Hauzibi nafasi iliyobaki. Kila ukiegemea, msumari unatanua tundu lake wenyewe, kisha unaupasua ulimi. Na kiungo chenye msumari hakifunguki bila kujeruhiwa.

Mimi natoa misumari, nafungua kwa nyundo ya mpira, halafu nakwangua. Hapa ndipo mafundi wengi wanaharakisha. Gundi nyeupe mpya haishiki juu ya gundi nyeupe iliyokauka. Inataka mbao tupu, kwa hiyo kwangua mpaka uone nyuzi. Ulimi uliopungua naubandika vipande vyembamba vya mninga pande zote mbili, nyuzi zielekee upande mmoja, kisha nauchonga kwa patasi mpaka uingie kwa kusukuma na mkono. Ukihitaji nyundo, umebana mno. Nakaza kwa mpira wa ndani wa baiskeli, nakisimamisha kiti sakafuni kabla gundi haijashika, nakiacha mpaka kesho.

Jambo moja bado linanisumbua. Nikiunga Oktoba mbao ikiwa kavu kabisa, mvua zikija ulimi unatanuka na kubana zaidi, nami napenda hivyo. Lakini tundu lenye kuta nyembamba laweza kupasuka, limeshanipasukia. Kila nikifika kwenye kiti chembamba nasita.

Kununua mnadani: pindua kiti. Chini ndiko rangi haifiki, paini iliyopakwa ifanane na mninga utaiona. Vitundu vya bungua, mdudu anayetoboa mbao, vikiwa vikavu havinitishi. Gonga, unga laini ukidondoka, kiache. Kulegea kusikukimbize, tena hapo ndipo bei inashuka. Msasa na vanishi ni kazi ya mwisho.

Kwenye viti vya yule mama nimetoa misumari 19. Vitatu vimefungwa mipira tangu jana. Cha nne ulimi wake umepasuka vipande vitatu, msumari uko katikati. Nauchonga upya kwa ubao wa kitanda cha zamani.