Bodi imeliwa na chumvi, kijana analaumu kompresa

Nnafundisha friji na viyoyozi kwenye kituo cha mafunzo ya amali hapa Unguja. Kila msimu mahoteli ya Paje na Nungwi wananipigia wanataka mafundi, na huku vijana wangu wenye vyeti wamekaa maskani. Watu wanasema vijana wavivu. Si kweli jamani, tatizo ni kile tunachowafundisha.

Kuna mmoja alikuwa wa mwanzo darasani, akapata kazi hoteli moja ya pwani, mwezi haujesha ananipigia, "Mwalimu, AC tatu zimekufa kompresa, bosi hanielewi." Nikapanda daladala nikamfata. Nikamwambia mwanangu fungua ile ya nje, kufungua tu tunaona bodi, ile sahani ya umeme inayoiongoza AC, imeota kutu ya kijani, upepo wa bahari umeshakula njia za shaba, kompresa yenyewe, ile pampu ya gesi, nzima. Hajawahi kuiona bodi kama ile, atajuaje? Sisi darasani tuna AC za zamani za gesi ya R22, kompresa inawaka inazima basi, wenzetu hotelini wana AC za inveta za gesi ya R410A na R32 ambazo bodi ndo inaiambia kompresa izunguke kwa kasi gani.

Na gesi zenyewe hazifanani. Presha ya R410A imeizidi R22 kwa zaidi ya nusu, geji ya zamani haifai, halafu ni mchanganyiko wa gesi mbili kwa hiyo unaijaza ikiwa kimiminika, sio mvuke. R32 inashika moto, kwa hiyo ile tabia ya kutoa hewa kwenye mabomba kwa kupuliza gesi badala ya kutumia pampu ya vakyumu, inayoinyonya hiyo hewa, ni hatari kabisa. Hiyo R22 tunayoisomesha inaondolewa duniani kote kwa Itifaki ya Montreal, ule mkataba wa kulinda tabaka la ozoni!

Mimi naamini uanagenzi, mtoto asome siku chache darasani, nyingine awe kazini na fundi mzoefu anayemsainia daftari. Ila kazi za kujifunza ziandikwe kwenye mkataba, maana kuna pahala mwanagenzi anabeba ngazi tu mwaka mzima. Pemba ndo kugumu zaidi, anayesoma kituo cha Vitongoji hoteli za kufanyia mazoezi ni chache, inabidi avuke kuja Unguja, na nauli ya boti na kodi ya chumba nani atamlipia?

Siku hizi naziomba hoteli bodi zao mbovu kabla hazijatupwa. Ile ya yule kijana ipo mezani kwangu, na mtihani wangu wa kwanza sasa ni huo, niambie imekufa wapi.