Idadi ya wanafunzi haichezi mpira

Mwezi huu nimeulizwa mara nne kwa nini mashindano ya michezo ya shule yasigawanywe kwa idadi ya wanafunzi. Mara ya mwisho ni mzee wetu wa bodi aliyenishika mkono nje ya ofisi ya mwalimu mkuu: "Mwalimu, ugumu uko wapi? Shule kubwa zicheze na kubwa, ndogo na ndogo. Basi." Nilimjibu kwa heshima, ni mzee na nia yake njema. Lakini wazo hilo limeshawaingia hata walimu wenzangu wanaopanga droo, na mimi uvumilivu umeniishia. Jibu refu ni hili.

Sikatai, idadi inasaidia. Kati ya wavulana 1,500 kipa hakosekani. Ila idadi inakueleza wako wangapi, haikuelezi wametoka wapi, na kwetu Kenya mambo yote yako hapo pa pili. Shule ya kutwa yenye wanafunzi 900 inachukua watoto wanaofika kwa miguu au kwa baiskeli. Ya bweni yenye 450 inaweza kuwa na mshambuliaji wa Kilifi, beki wa Busia na kipa wa Turkana, wote wakisomeshwa bure kwa sababu kuna mwalimu aliyezunguka viwanja vya mashindano ya msingi akiwa na daftari mkononi. Sasa zigawe hizo kwa vichwa. Ya bweni itaitwa ndogo, itawekwa kundi moja na shule za kutwa za wanafunzi 300 kule milimani, na itazifunga saba bila, nane bila, kwa idhini yetu sisi tuliosema tunatafuta haki.

Wamarekani waliliona hili. Jimbo la Illinois hupanga madaraja kwa idadi ya wanafunzi, na mwaka 2005 likaanza kuzidisha kwa 1.65 idadi ya shule zisizo na mipaka ya eneo, yaani zile zinazoweza kuchukua mtoto kutoka popote. Kule shule za aina hiyo ni chache. Kwetu shule nyingi za bweni ni za namna hiyo! Ndiyo maana kuchukua jedwali la idadi na kulileta hapa bila kuuliza swali la mipaka kunaniudhi sana.

Wengine husema basi tufuate ngazi za Wizara ya Elimu, shule zinazoitwa za kitaifa zicheze peke yao. Ngazi hizo zilipangwa kwa kuangalia masomo, mabweni na maabara. Kwanthanze ya Machakos ilijijengea jina kwa voliboli, na Wiyeta ya Trans Nzoia kwa soka ya wasichana, na hakuna jina kati ya hayo lililojengwa na ngazi ya wizara. Isitoshe, shule inaweza kuwa moto katika voliboli na ikawa haina hata kikosi kamili cha magongo. Daraja lazima liwe la kila mchezo peke yake.

Udanganyifu wa umri nitauandikia siku nyingine. Ni donda, ila haliponi kwa droo.

Tuje kwenye jambo ambalo hao wa kubwa-na-ndogo hawaligusi kabisa. Mwaka juzi nilipeleka wasichana wangu wa netiboli kwenye mashindano ya kaunti ndogo. Walikuwa wakifanya mazoezi tangu muhula wa kwanza, alfajiri, umande ukiwa bado kwenye nyasi. Kundi letu lilikuwa na timu tatu. Mechi ya kwanza tulifungwa 41 kwa 6, ya pili tukafungwa kwa mabao mawili tu. Saa saba mchana walikuwa chini ya mwembe wanakula mkate na soda. Nahodha wangu, wa Kidato cha Nne, alikuwa anachomoa pini moja moja kwenye herufi za GA, alama ya nafasi yake ya ushambuliaji, alizobandika kifuani, anaziweka kwenye kiganja. Akaniuliza, "Mwalimu, ndio basi?" Ndio basi. Mechi mbili kwa mwaka mzima, tena mwaka wake wa mwisho.

Huo ndio udhalimu ninaoujua kwa macho yangu. Kutopata kombe tunavumilia.

Na wakubwa pia huumia. Kakamega na Musingu, vigogo wawili wa soka ya shule, wako kaunti moja. Wakikutana ngazi ya kaunti mmoja anafunga virago, huku kwingineko timu dhaifu kuliko yule aliyetolewa ikipita kwenda mkoani. Ramani imeamua, miguu haikuulizwa.

Ninalopendekeza ni madaraja mawili kwa matokeo ya miaka mitatu, kila mchezo na lake, wa juu wa daraja la pili apande na wa mwisho wa daraja la kwanza ashuke. Na chini ya hapo kuwe na ligi ya majirani, nyumbani na ugenini, kabla ya mtoano wowote.

Nina mashaka yangu. Matokeo ni ya watoto walioondoka. Kikosi cha mwaka wa mwisho kinapandisha shule, kisha kinamaliza mtihani na kwenda zake, na wadogo wanarithi daraja wasiloliweza. Pengine miaka miwili inafaa kuliko mitatu, bado sijakata shauri. Tena nimewahi kumwona kocha akiwapumzisha wachezaji wake bora ili ashike nafasi ya pili na kukwepa mpinzani. Mtu kama huyo atashindwaje kukwepa kupanda daraja?

Na kuna Milan, si ile ya Italia bali shule ya jimbo la Indiana, Marekani. Indiana ilikuwa na kombe moja la mpira wa kikapu kwa shule zote hadi 1997. Mwaka 1954 Milan, shule ya wanafunzi 161, iliifunga Muncie Central, iliyoizidi mara kumi, 32 kwa 30 kwenye fainali. Nikigawa madaraja, fainali ya namna hiyo naifuta kwa mkono wangu, na hilo linaniuma. Lakini Indiana yenyewe iligawa kwa idadi, kisha ikalazimika kuongeza kanuni kwamba shule inayoshinda mno katika daraja lake ipandishwe hata kama wanafunzi wake ni wachache.

Kaunti ndogo yetu haijanijibu kuhusu pendekezo hili. Kwa hiyo nimezungumza na walimu wa shule tatu za jirani, tumechora ratiba kwenye daftari la hesabu. Shule nne, nyumbani na ugenini, kila msichana ana mechi sita kabla hata ya droo kutoka. Mzee wa bodi nimeshamwomba basi la shule kwa Jumamosi tatu.