Kiwewe cha mjeda, na mtoto aliyewekwa lindoni

Neno kiwewe wengi tulilijua kwanza kwenye mambo ya mapenzi. Fulani kamtia fulani kiwewe, yaani kamvuruga hadi hajui anachofanya. Siku hizi wauguzi na maofisa ustawi wa jamii wanalitumia kwa maana nzito zaidi: jeraha linalobaki akilini baada ya mtu kupitia au kushuhudia jambo la kutisha, hasa lililomweka karibu na kifo. Jeraha hilo likikaa zaidi ya mwezi, likamvurugia mtu usingizi, kazi na nyumba, madaktari wanalihesabu kuwa ugonjwa. Nchini Marekani liliingizwa rasmi kwenye orodha ya magonjwa ya akili mwaka 1980, baada ya vita ya Vietnam. Lakini hali yenyewe ni kongwe kuliko orodha. Huku kwetu mtu akirudi vitani amebadilika, tulisema tu "ana mambo yake" au "kalogwa huko huko", tukaendelea na shughuli.

Mbeya na Iringa jeshi si habari ya redioni. Mbalizi, Itende, Mafinga, kote huko makambi yapo, na mjeda ni jirani, mpangaji mwenzako, baba wa mtoto anayekaa dawati moja na wako. Mwaka 2013 Tanzania ilipeleka wanajeshi mashariki mwa Kongo katika kikosi maalumu cha Umoja wa Mataifa, pamoja na Afrika Kusini na Malawi. Desemba 2017 kambi yao ya Semuliki ilishambuliwa, na Watanzania wasiopungua 14 wakauawa. Mtu akirudi misheni, mtaa unaona bati jipya na seti ya makochi. Alichorudi nacho kichwani hakionekani. Wengi hurudi salama, wakapumzika, wakawa sawa. Wachache hawawi sawa, na wanaume kwa wanawake wamo.

Ndani ya ubongo kuna kitu kama kengele ya hatari. Kwa mwenye kiwewe kengele hiyo imekwama, inalia hata pasipo moto. Tairi la lori likipasuka mteremko wa Mbalizi, au mvua ya mawe ikishuka ghafla juu ya bati, mwili unaitika kabla akili haijauliza ni nini: moyo unadunda, jasho linatoka, mtu anafoka au anajitupa chini. Usiku kuna ndoto. Mchana anakwepa watu, sherehe, stori za kazini. Halafu kuna ganzi. Hii ndiyo naiona ngumu kuliko zote kwa mtoto mdogo, maana kelele huisha, lakini baba anayekutazama kama anatazama ukuta haijulikani atamaliza lini.

Sasa mchukue mtoto wa miaka minne katika nyumba ya namna hiyo. Anatoka chekechea, anafika kwenye geti la bati. Watoto wengine hulibamiza. Yeye analishika kwa mikono miwili, analisukuma taratibu, analiegesha lisilie. Anavua viatu nje ingawa ni Julai na sakafu ya saruji ni baridi kama barafu. Anachungulia. Anamtazama baba usoni kwanza, kabla ya kuamua kama leo ataomba chai au atakwenda kukaa na kuku. Majirani wanamsifu kuwa ni mtulivu, ana adabu, hasumbui.

Mtoto huyo yuko lindoni. Anafanya zamu ambayo hata mtu mzima ingemchosha, na hana wa kumpokea.

Aliwekwaje huko? Mara nyingi ni kwa sentensi moja ambayo hatuioni ubaya: "Usimkasirishe baba yako." Mama anaisema kwa nia njema, bibi anaikazia. Lakini sikiliza jinsi inavyofika kwenye sikio la miaka minne: kumbe hasira ya baba ufunguo wake ninao mimi. Watoto wa umri wa miaka mitatu hadi sita hufikiri kwamba mambo yanayotokea karibu nao wameyasababisha wao. Alimwaga chai Jumatatu, Jumanne baba hakutoka chumbani. Kwake hayo ni mambo mawili yaliyofungwa kamba moja. Usipompa maelezo, atajitungia yake, na atakayojitungia yatamwonea kuliko ukweli wenyewe.

Ndiyo maana kumweleza ni sehemu ya kumtunza. Wala haihitaji hotuba. Tuseme mmekaa jikoni mnamenya viazi, naye anauliza:

"Mama, baba kanuna kwa sababu nilimwaga chai?"

"Hapana, mwanangu. Baba anaumwa. Ugonjwa wake uko kwenye mawazo, hauna kidonda cha kuonekana. Wewe hujamletea, na kumponya si kazi yako. Daktari yupo, na mimi nipo."

Basi, inatosha. Kesho atauliza tena neno kwa neno, nawe utajibu vilevile bila kuchoka, maana anapima kama jibu limebadilika. Habari za maiti na risasi mwachie daktari na baba mwenyewe. Usimuahidi kwamba baba atapona wiki ijayo. Na usimwambie "baba ni mzima" wakati anaona kwa macho yake kwamba si mzima. Hapo unamfundisha asiyaamini macho yake.

Baba akiweza kulisema mwenyewe siku ametulia, lina nguvu mara mbili. "Jana nilipiga kelele. Nilishtuka. Hukukosea kitu." Wanaume wengi wanaona ni kujishusha. Mimi naona ni amri fupi inayomtoa mtoto lindoni, na mwanajeshi anajua uzito wa amri.

Dalili nyingine za mtoto hujificha kwenye mambo ya kawaida. Aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani anaanza upya. Ananyonya kidole, anamng'ang'ania mama mlangoni. Tumbo linauma kila asubuhi. Anapewa dawa ya minyoo, wiki mbili baadaye linauma tena. Mwingine anacheza vita kutwa nzima, anamwangusha mwanasesere, anamfunika kanga. Usimkataze mchezo huo. Kaa karibu, muulize mwanasesere anajisikiaje. Mwalimu wa chekechea naye aambiwe, kwa ufupi tu, ili asije akamwadhibu mtoto kwa kusinzia darasani kumbe usiku hakulala.

Kilichobaki ni ratiba, na sioni haja ya kuirefusha: uji saa ileile, kulala saa ileile, na mtu mzima mmoja asiyebadilika, awe shangazi au babu.

Matibabu ya mzazi yapo, ya mazungumzo na ya dawa. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya inatoa huduma za afya ya akili, kwa hiyo si lazima kuanzia Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili iliyoko Dodoma. Jina hilo tumeligeuza utani wa vijiweni, na utani huo umewafungia wengi ndani. Kuna familia zitakazoanzia kwa mchungaji au kwa mganga, na sitabishana nazo hapa, ilimradi hospitali isiachwe. Ila kuna mpaka. Ugonjwa unaeleza kelele, hauhalalishi kipigo. Mtoto akipigwa au akiwa hatarini, namba 116 ni ya huduma kwa mtoto na haikatwi salio, na vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Kufika huko si kumsaliti askari.

Kwa siku za kawaida kuna mbinu ndogo ninayoipenda. Mnapiga msumari mlangoni pa chumba cha baba, na kofia yake ya sufu inakaa hapo. Kofia ikiwa msumarini, baba anapumzika, tunacheza nje. Ikiwa kichwani mwake, ruksa kumrukia. Asiyejua kusoma anaisoma, na hahitaji tena kumpima baba usoni. Wiki ya kwanza ataichungulia kila dakika. Baadaye kidogo utasikia geti la bati limebamizwa, na mtu anaitwa kwa sauti kubwa atoke haraka aje aone kinyonga.