Je, wajua kereng'ende wa vuli hufikaje Mombasa?

Vuli ikishakolea, Novemba kuelekea Disemba, pita kwenye kiwanja chochote cha mpira Kisauni, Likoni au Changamwe ambako maji yametuama. Utawakuta kereng'ende wa manjano iliyofifia, wanakwenda na kurudi juu ya maji na hawatui. Watoto huwavizia wawafunge uzi mkiani. Mtu mzima ukimwuliza wametoka wapi, atakwambia wameletwa na mvua, basi. Jibu hilo si la kubeza hata kidogo, ila limeruka safari yenyewe. Wanasayansi wanaamini kwamba wengi wa wale wanaoingia Afrika Mashariki msimu huu wametoka Bara Hindi, na kati ya huko na kwetu kuna bahari ya kilomita 3,500 hivi.

Mdudu mwenyewe jina lake la kitaalamu ni Pantala flavescens. Urefu wake ni kama sentimita 4 na nusu, na uzito haufiki gramu moja. Mabawa yake ya nyuma ni mapana sana panapokutana na mwili, kwa hiyo anaweza kutanda hewani muda mrefu bila kupiga bawa.

Aliyeifuatilia safari hii hakuwa mtaalamu wa wadudu. Charles Anderson ni mwanabiolojia wa bahari aliyehamia visiwa vya Maldivi mwaka 1983, na kazi yake ilikuwa samaki na nyangumi. Kila Oktoba alikuwa akiona kereng'ende wakimiminika mjini Malé, na jambo hilo lilimkera akili kwa sababu ya maji. Visiwa vile ni matumbawe na mchanga. Mvua ikinyesha inazama chini, hakuna mto wala ziwa la maana. Kereng'ende hawezi kuzaa bila maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ya kutagia. Sasa maelfu haya yanatafuta nini katikati ya bahari ya chumvi?

Akaanza kuandika tarehe. Miaka ikapita, orodha ikarefuka, na mpangilio ukajitokeza: wanaonekana kwanza kusini mwa India, kisha Malé, kisha visiwa vya kusini zaidi vya Maldivi. Novemba wako Shelisheli, Disemba wako Aldabra, kisiwa cha mbali cha Shelisheli kuelekea Afrika. Mwaka 2009 alichapisha hoja yake: hawa ni wasafiri wanaopita tu, na mwisho wa safari ni Afrika.

Mtu wa Mombasa atasema hapa hakuna fumbo, huo ni upepo wa kaskazi, ule ule ulioleta majahazi kutoka Bara Hindi na Arabuni karne na karne. Ni kweli, lakini kuna kikwazo kimoja, na kwangu mimi ndicho kitamu cha habari nzima. Oktoba, wakati kereng'ende wanaingia Maldivi, upepo wa chini pale bado unavuma kutoka magharibi. Ukiwatazama kutoka ufukweni ni kama wanasafiri kinyume na upepo. Anderson akatazama takwimu za hali ya hewa za juu zaidi, na kule, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, upepo wa kaskazini mashariki ulikuwa umeshaanza. Kumbe kaskazi ya juu huitangulia ya chini. Nahodha asingeweza kuitumia hiyo, mdudu anaweza. Mwaka 2021 watafiti wengine walipiga hesabu za nguvu za mwili wake pamoja na rekodi za upepo, wakaona kuvuka kunawezekana, mradi upepo uwe wa kusaidia.

Lakini kwa nini ajihatarishe hivyo? Hapo inabidi tuondoke baharini turudi kwenye maji baridi. Philip Corbet, Mwingereza aliyezaliwa Malaysia mwaka 1929, alikuja Jinja, Uganda, mwaka 1954 kufanya kazi kwenye shirika la utafiti wa uvuvi la Afrika Mashariki. Huko Ziwa Viktoria alichunguza wadudu wa majini, hata akaandika jinsi baadhi yao wanavyotoka majini kwa kufuata mwezi. Baadaye akawa mmoja wa wataalamu wakubwa wa kereng'ende duniani. Hoja aliyoieleza mapema ni hii: pepo za kaskazi na kusi hukutana kwenye mkanda mmoja unaohama na majira, na zinapokutana hewa hupanda juu na mvua hunyesha. Mdudu akijiachia kwenye upepo huo, upepo wenyewe utamshusha penye mvua. Hana haja ya kujua njia.

Na penye mvua mpya pana dimbwi jipya, yaani maji yasiyo na samaki. Samaki angewamaliza watoto wake. Mayai hutagwa majini, nayo huangua tunutu asiye na bawa, wa rangi ya tope, asiyefanana kabisa na mzazi wake. Mkamate kwa kichujio cha chai umtie kwenye bakuli jeupe, utaona mambo. Mdomo wake wa chini umekunjwa chini ya kichwa. Kiluwiluwi cha mbu kikipita mbele, mdomo unafyatuka, unakinasa na kukirudisha, kabla jicho lako halijaelewa. Hupumua kwa kuvuta maji kupitia njia ya haja, ambako ndani ndiko kuliko na matamvua yake. Ukimgusa huyasukuma maji hayo nje kwa nguvu, naye huchupa mbele. Kati ya siku 38 na 65 anakuwa amekomaa. Kwa tunutu wa kereng'ende hiyo ni haraka sana. Wako wa nchi za baridi wanaokaa majini miaka kadhaa. Huyu hana nafasi, dimbwi linakauka.

Wataalamu wa maji baridi humfuatilia hata bila kumwona. Akikomaa hupanda kwenye jani au ukoka, ngozi inapasuka mgongoni, anatoka na bawa, na gamba lake linabaki limeng'ang'ania pale pale. Kuona kereng'ende akiruka juu ya maji hakuthibitishi kwamba amezaliwa hapo. Gamba linathibitisha.

(Na ikiwa umewahi kumwona kereng'ende akichovya mkia kwenye boneti ya gari lililotoka kuoshwa, hajachanganyikiwa. Mwanga ukiakisiwa na maji hulala upande mmoja. Macho yetu hayauoni ulalo huo, yake yanauona. Rangi ya gari jeusi au jekundu linalong'aa huakisi vivyo hivyo, naye hutaga hapo. Mayai yanaungua.)

Kizazi kilichokulia huku hakikai. Mvua zinapohama nacho huhama, na kusi ikishika, kuanzia Aprili hivi, wengine huonekana tena Maldivi wakielekea India, ingawa si wengi kama wa Oktoba. Anderson alikadiria mzunguko mzima kuwa kilomita 14,000 hadi 18,000, unaokamilishwa na vizazi vinne. Hakuna hata mmoja anayeumaliza peke yake.

Ushahidi uliotia nguvu ulitoka ndani ya bawa. Maji ya mvua ya kila eneo yana kiwango chake cha haidrojeni nzito, yaani ile aina ya haidrojeni yenye uzito kuliko ya kawaida. Tunutu hujenga mwili kwa kile kilichomo dimbwini, na bawa likishakauka halibadiliki tena. Mwaka 2012 mabawa ya kereng'ende waliokamatwa Maldivi yalipopimwa, yalionyesha maji ya kaskazini mwa India, pengine hata mbali zaidi. Nao hawaji peke yao: kozi wa Amur, ndege anayezaliana Urusi ya mashariki na kaskazini mwa China, huvuka bahari hii hii majira haya haya, na Anderson anaona kwamba chakula chake njiani ni hao hao kereng'ende.

Si kereng'ende wote walio wasafiri. Panda Shimba Hills, Kwale, utamkuta jamaa yao mwembamba, Coryphagrion grandis, anayeishi misitu ya pwani ya Kenya, Tanzania na Msumbiji tu. Watoto wake hulelewa kwenye maji ya mvua yaliyojaa mashimo ya miti. Viola Clausnitzer, Mjerumani aliyechunguza kereng'ende wa misitu hii, aliandika habari zake na mwenzake mwaka 2002. Ndugu zake wa karibu wako misitu ya Amerika ya Kati na Kusini, nao pia hutaga kwenye maji ya namna hiyo, na vinasaba vimethibitisha undugu huo. Yeye hakuvuka bahari yoyote. Maelezo ya wataalamu ni kwamba ukoo wao ulikuwepo tangu Afrika na Amerika ya Kusini zilipokuwa bara moja.