Kuoka sio lazima oveni jamani

Kila nikisema mkate naoka mwenyewe home naulizwa "kwani una oveni?" Sina. Watu wengi hapa Dodoma wanaamini bila oveni ya umeme huwezi kuoka kitu, wakati oveni kazi yake ni moja tu, kuzungushia chakula joto kavu pande zote, na hiyo kazi hata jiko la mkaa linaiweza.

Mi nachukua sufuria kubwa nzito, chini natandaza mchanga mkavu uliochekechwa, nafunika naiacha jikoni kama dakika 15 ishike moto, ndo naingiza sufuria ndogo yenye unga ulioumuka, afu mfuniko wa juu naupakia makaa. Siri iko hapo: makaa mengi yakae juu, chini yabaki machache. Ukigeuza, chini panaungua na juu panabaki peupe, afu unalaumu jiko!

Na hii ya kuzidisha hamira ili unga uumuke haraka, hapana, mkate utanuka hamira tu. Mwezi wa 6 na wa 7 baridi ya huku inachelewesha, we weka bakuli karibu na jiko usubiri, na maji yawe vuguvugu sio ya moto, maana hamira ni vijidudu hai, ukiviunguza vinakufa. Nikitupia na zabibu kavu mle ndani ndo balaa, harufu ikishatoka tu watoto wa jirani washafika na vikombe vyao vya chai.